Sikukuu Darasani: Kazi ya Mikono ya Mtoto, Si Mzigo wa Mzazi

Haya ni maandishi ya hotuba kwa wazazi, walimu na wasimamizi wa madarasa ya chekechea na gredi za chini mjini Eldoret, kuhusu sherehe za sikukuu shuleni.



Kila muhula wa tatu unapokaribia kwisha, jambo moja hujirudia. Mtoto hufika nyumbani na kikaratasi ndani ya begi. Kikaratasi kinasema sherehe ya kufunga mwaka itafanyika Ijumaa, na kila mzazi atoe pesa za keki, soda na baluni. Kwa darasa la PP2 zinaongezwa pesa za kukodi joho na kofia ya mahafali, na za mpiga picha. Kwa mzazi mwenye mshahara, hizo ni pesa za kawaida. Kwa mama anayeuza mboga Langas, au baba anayesubiri kibarua Maili Nne, hizo ni pesa za unga wa siku kadhaa.

Mama huyo hapigi kelele. Hamwambii mwalimu lolote. Ijumaa ikifika, anatuma habari kwamba mtoto ana homa, na mtoto anashinda nyumbani akiwa mzima kabisa. Januari wenzake wanapozungumza habari za keki, yeye ananyamaza. Ana miaka mitano, lakini tayari ameshajifunza kwamba kuna siku ambazo shule si yake.

Hakuna mwalimu aliyekusudia hivyo. Walimu hupanga sherehe kwa sababu wanawapenda watoto, na wazazi wengi huzifurahia. Lakini nia njema haimtoi mtoto huyo nyumbani siku ya sherehe. Kinachoweza kumtoa ni kubadilisha sherehe yenyewe, ili sikukuu ya darasani iwe kitu ambacho mtoto anakitengeneza kwa mikono yake badala ya kitu ambacho mzazi anakinunua dukani.

SIKUKUU ZINAZOANGUKA NDANI YA MUHULA

Ni vyema kwanza kuangalia kalenda. Krismasi na Jamhuri, tarehe 12 Desemba, huwakuta watoto wakiwa nyumbani, kwa sababu madarasa ya chini hufungwa mwishoni mwa Oktoba. Ndiyo maana kadi za Krismasi katika shule za Eldoret hutengenezwa Oktoba, wakati mahindi ndiyo kwanza yanaanza kuvunwa.

Sikukuu za taifa zinazowakuta watoto darasani ni Madaraka, tarehe 1 Juni, na Mashujaa, tarehe 20 Oktoba. Hizi ni sikukuu za kila mtoto wa Kenya, awe wa dini gani au wa jamii gani. Hata hivyo, katika madarasa mengi hupita kimya, huku nguvu zote zikiwekwa kwenye keki ya mwisho wa mwaka. Madaraka inakumbusha siku ya mwaka 1963 Kenya ilipopata serikali yake ya ndani, na bendera yake ni somo la rangi lililokwisha kutayarishwa: nyeusi kwa watu wa nchi hii, nyekundu kwa damu iliyomwagika wakati wa kupigania uhuru, kijani kwa ardhi na mali yake, nyeupe kwa amani. Mtoto wa PP1 anayepaka rangi hizo nne kwa kidole anajifunza majina ya rangi na habari za nchi yake kwa wakati mmoja.

Idd haikai tarehe moja. Idd-ul-Fitr iliadhimishwa tarehe 10 Aprili mwaka 2024, na tarehe 31 Machi mwaka 2025. Kila mwaka husogea nyuma siku kama 10 au 11, kwa hiyo kuna miaka itakapoangukia likizo na miaka itakapoangukia katikati ya muhula. Mwalimu anayejua hivyo anaweza kuwatoa watoto nje mwezi unapoandama, au kuwapa kazi ya kuuangalia mwezi jioni wakiwa na wazazi na kuuchora umbo lake asubuhi. Hiyo ni kazi ya mazingira, ya hesabu na ya sanaa, na haina gharama yoyote.

MIKONO YA NANI?

Mtu akiingia katika baadhi ya madarasa wakati wa sikukuu, ataona kadi 30 zimebandikwa ukutani, zote zinafanana. Nyota iko mahali pamoja, imekatwa vizuri, maandishi yamenyooka. Zinapendeza machoni. Lakini ukweli ni kwamba kazi hiyo ni ya mwalimu, aliyekesha akikata karatasi. Mtoto alichofanya ni kubandika tu, na pengine hata hicho hakukifanya.

Mtoto wa miaka minne anajifunza kwa vidole. Anapochana karatasi, anapofinyanga udongo, anapopitisha uzi kwenye tundu na kujaribu makasi kwa mara ya kwanza, misuli midogo ya mkono inapata nguvu. Misuli hiyo hiyo ndiyo itakayoshika penseli mwaka unaofuata. Mtoto ambaye mkono wake haujapata kazi ya namna hiyo hufika Gredi ya 1 akiikamata penseli kwa ngumi, na kuchoka kabla ya kumaliza mstari mmoja. Ndiyo sababu shughuli za ubunifu zimo ndani ya mtaala wa chekechea pamoja na lugha, hesabu, mazingira na dini. Hazikuwekwa kama mapumziko.

Kwa hiyo, kadi iliyopinda ambayo mtoto ameikata mwenyewe ina thamani kuliko kadi nzuri iliyokatwa na mwalimu. Mzazi akiletewa nyota yenye pembe saba badala ya tano, asicheke wala asiulize kwa nini ya jirani inapendeza zaidi. Amwombe mtoto aeleze alivyoitengeneza. Mtoto atazungumza, na mazungumzo hayo yenyewe ni somo la lugha.

VIFAA VIPO, NA VINGI HUTUPWA

Walimu wengi husema hawana vifaa. Ni kweli kwamba karatasi za rangi na pambo la kumetameta ni ghali. Lakini kaunti hii ina vifaa vingi vya kazi ya mikono kuliko duka la vitabu.

Oktoba, mavuno yanapoanza, maganda ya mahindi hujaa kila shamba kuanzia Moiben hadi Kesses. Maganda hayo yakilowekwa kidogo hulainika, na mtoto anaweza kuyasuka, kuyafunga kama mwanasesere, au kuyakunja kama ua. Magunzi yaliyopukuchuliwa huchovywa rangi na kuviringishwa kwenye karatasi, yakaacha alama nzuri. Pakiti za unga zilizotengenezwa kwa karatasi ngumu hufunguliwa na kuwa mataji na barakoa. Kalenda za mwaka uliopita, ambazo hukosekana katika nyumba chache sana, zina upande wa nyuma mweupe na mpana. Mafundi cherehani mjini hubaki na vipande vya vitambaa, na karakana za mbao hubaki na vipande laini vinavyoweza kusuguliwa msasa. Mwalimu akiomba mapema, vingi hutolewa bure.

Rangi hutoka jikoni. Bizari ya manjano hutoa njano, kiazi sukari hutoa rangi ya zambarau iliyokolea, makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi, na majani mabichi yaliyopondwa hutoa kijani. Kiazi kilichokatwa katikati na kuchongwa nyota na mwalimu huwa muhuri ambao mtoto anaweza kuupiga mara 50 bila kuchoka.

Gundi pia hupikwa. Kikombe kimoja cha unga wa ngano hukorogwa katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe. Vikombe viwili vya maji huchemshwa, mchanganyiko humiminwa humo na kukorogwa hadi uwe mzito kama uji, kisha huongezwa kijiko cha chumvi. Ukipoa, uko tayari. Hudumu siku chache, na ukianza kunuka hutupwa.

Gundi hiyo ya unga ina faida nyingine. Gundi ya mafundi viatu isiingie kabisa katika darasa la watoto. Ina mvuke unaolevya, na kila mkazi wa Eldoret amewaona vijana wa mitaani wakiivuta kwenye chupa. Hakuna sababu ya mtoto wa miaka minne kuzoea harufu yake shuleni.

Yapo mengine ya kuangaliwa. Shanga ndogo, maharagwe na punje za mahindi ni hatari kwa watoto wa PP1, kwa sababu huishia puani, sikioni au kooni. Shanga za karatasi iliyoviringishwa, zenye urefu wa kidole cha mtoto, ni salama zaidi. Makasi yawe ya ncha butu. Taa na mishumaa itengenezwe kwa udongo au karatasi, isiwashwe. Na mifuko ya plastiki isirudi shuleni kwa jina la mapambo, kwa maana imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017.

MFANO WA MASHUJAA

Mfano mmoja utaonyesha jinsi sikukuu inavyoweza kufanywa bila kikaratasi cha kuomba pesa.

Wiki ya kabla ya tarehe 20 Oktoba, mwalimu anaanza kwa kuuliza: shujaa ni nani? Watoto wa Eldoret hawatakosa jibu. Wanaishi katika mji ambao wanariadha hukimbia barabarani kila asubuhi, na washindi hupokewa uwanja wa ndege kwa nyimbo na kibuyu cha mursik. Mwalimu anaweza kuwasimulia habari za Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na ya kuruka viunzi na maji mita 3,000 kule Munich mwaka 1972. Anaweza kuwasimulia pia, kwa maneno machache, habari za Koitalel arap Samoei wa nchi jirani ya Nandi, aliyeuawa tarehe 19 Oktoba 1905 baada ya kuongoza watu wake kupinga wakoloni, na za viongozi waliokamatwa tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, kisha wakashtakiwa Kapenguria, mbele ya Kitale.

Baada ya hadithi, kila mtoto anakata duara kutoka kwenye boksi, analipaka rangi, na kupitisha kamba ya mkonge. Hiyo ni medali. Lakini mtoto haendi nayo nyumbani shingoni mwake. Anaitoa. Anachagua shujaa wake mwenyewe na kumvika: mpishi wa uji, bawabu wa lango, nyanya anayemwamsha asubuhi, mwendeshaji wa boda boda anayemfikisha shule salama wakati wa mvua. Akishamvika, anasema sentensi moja kwa nini amemchagua.

Hapo ndipo sherehe ilipo. Bawabu aliyevikwa medali ya boksi na mtoto wa miaka mitano hataitupa. Mtoto amejifunza neno shujaa, amekata, amepaka rangi, amesimama mbele za watu akazungumza, na amejifunza kutoa. Uji wa siku hiyo ukiwekwa sukari kidogo zaidi, basi karamu imetimia. Hakuna mtoto aliyeachwa nyumbani.

KILA MTOTO, KILA DINI, KILA JAMII

Darasa moja la Huruma au Kapsoya linaweza kuwa na mtoto Mkristo, Mwislamu na Mhindu, na mtoto ambaye familia yake ni ya Kikristo lakini haiadhimishi Krismasi wala siku za kuzaliwa. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa imani, na kinasema wazi kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo linalopingana na imani yake. Ulinzi huo unamfikia mtoto wa PP1 pia.

Njia mbaya ya kuufuata ni kumtoa mtoto huyo nje wakati wenzake wanatengeneza kadi. Amelindwa imani yake, lakini ameadhibiwa kwa kutengwa. Njia nzuri ni kuchagua kazi ambayo kila mtoto anaweza kuifanya akiwa amekaa kwenye kiti chake. Kadi ya shukrani ni moja: ndani yake mtoto wa Kikristo anachora hori na nyota, wa Kiislamu anachora mwezi, wa Kihindu anachora taa ya Diwali, na yule asiyeadhimisha anachora familia yake au ng'ombe wa nyumbani. Mwalimu aulize mwanzoni mwa mwaka, katika mkutano wa kwanza wa wazazi, ni sikukuu zipi kila nyumba inazishika na ni chakula gani mtoto hali. Swali hilo la dakika tano huepusha huzuni nyingi.

Habari ya jamii inahitaji uangalifu mkubwa zaidi katika mji huu. Watoto waliomo chekechea leo hawakuwa wamezaliwa wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Yalizuka kati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati ambao nyumba zinapaswa kuwa na furaha. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao akina mama na watoto. Ziko familia mjini hapa ambazo sikukuu ya mwaka mpya haijawahi kuwa sikukuu tena.

Watoto wadogo hawana haja ya kusimuliwa hayo. Wana haja ya kukua wakiwa wamekaa meza moja na kushika kazi moja. Siku ya utamaduni darasani inaweza kufanya hivyo kwa urahisi. Badala ya kununua mavazi ya kukodi, mwalimu anawaalika nyanya na babu watatu au wanne. Mmoja anaonyesha jinsi kibuyu cha maziwa kinavyosafishwa kwa mkaa wa mti na kupambwa shanga. Mwingine anaonyesha jinsi kiondo kinavyosukwa, na mwingine jinsi mkufu wa Kiturkana unavyopangwa rangi. Watoto wanajaribu wote, kila mmoja kwa kila kazi. Mtoto wa Kikuyu anapaka rangi kibuyu, mtoto wa Kikalenjin anasuka kiondo cha karatasi, na wa Kiluhya anapanga mkufu. Jioni kila mmoja anakwenda nyumbani na kitu cha jirani yake, na mzazi anapouliza, mtoto anataja jina la nyanya aliyemfundisha. Mtoto aliyefundishwa na nyanya wa jamii nyingine ni vigumu baadaye kumwambia kwamba watu wale ni adui.

PESA NA SHERIA

Yapo mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua bila kugombana na mwalimu. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kaunti jukumu la elimu ya chekechea, wakati Gredi ya 1 na kuendelea iko chini ya serikali ya kitaifa, hata pale madarasa hayo yanapokuwa ndani ya ua mmoja. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kwamba malipo ya ziada katika shule ya umma yanahitaji idhini, kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu hayo hayajalipwa, na kwamba anayekusanya pesa lazima atoe stakabadhi rasmi.

Maana yake ni rahisi. Mzazi aliye na uwezo na anayetaka kuleta ndizi au mkate kwa darasa zima anakaribishwa, na ni jambo la kushukuriwa. Lakini mchango usigeuzwe kuwa tiketi ya kuingia. Orodha ya waliotoa na wasiotoa isibandikwe ukutani, wala isisomwe kwa sauti kwenye kikundi cha simu cha wazazi. Na mtoto asiambiwe kamwe, hata kwa utani, kwamba keki si yake kwa sababu mama hakulipa.

Kuhusu mahafali ya PP2, mtoto anayevuka kwenda Gredi ya 1 anastahili kupongezwa. Taji la pakiti ya unga alilolipamba mwenyewe linatosha kuwa kofia. Joho la kukodi hurudishwa jioni ile ile, lakini taji lake atabaki nalo.

KABLA YA MUHULA UJAO

Wazazi na walimu wanaweza kukubaliana mambo machache katika mkutano wa kwanza wa mwaka. Wachague sikukuu tatu au nne zitakazoadhimishwa darasani, Madaraka na Mashujaa zikiwemo. Waandike kila mzazi ataleta nini ambacho si pesa: maganda ya mahindi, kalenda kuukuu, vipande vya kitambaa, au saa moja ya kuja kufundisha watoto kusuka. Wakubaliane kwamba kazi ya mtoto itabaki ya mtoto, hata ikipinda. Na wakubaliane kwamba sherehe isiyoweza kumchukua kila mtoto wa darasa ipunguzwe mpaka iweze kumchukua.

Mzazi anayeona mambo yanakwenda kinyume aanze kwa mwalimu, kisha kamati ya shule, kisha ofisi ya elimu ya chekechea ya kaunti ndogo yake, iwe ni Soy, Turbo, Moiben, Ainabkoi, Kapseret au Kesses. Aende kwa upole na kwa wakati, asisubiri Ijumaa ya sherehe.

Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto anayejifunza akiwa na miaka minne kwamba furaha hutengenezwa na kugawanywa, atakuwa jirani mwema akiwa na miaka arobaini. Na yule mama wa Langas, Ijumaa ile ikifika tena, hatakuwa na haja ya kutafuta homa ya kusingizia. Atamwosha mtoto uso, amfunge viatu, na kumpeleka shule mkononi akiwa na maganda yake ya mahindi.